Funzo la Mwaka 1931 juu ya Chakula cha Watoto Wetu



Katika mwaka 1931 mabwana wawili, J. B. Orr na J. L. Gilks, walitoa kitabu cha uchunguzi juu ya chakula na afya ya Wakikuyu na Wamasai. Waliandika kwamba mwanamume Mmasai, mlaji wa maziwa, nyama na damu, alimpita mwanamume Mkikuyu, mlaji wa nafaka na viazi, kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito.

Asomaye upesi atadhani dawa ni nyama tu. Lakini walionyesha pia kwamba baina ya wanawake tofauti ilikuwa ndogo zaidi, na kwamba mwanamke Mkikuyu alikula mboga za majani kuliko mumewe. Basi sehemu ya afya ilikuwa tayari chunguni mwa mama, wala haikununuliwa.

Mwaka 1979 Serikali ya Kenya ilianza kugawa maziwa bure shuleni, nayo yakaitwa maziwa ya Nyayo. Watoto walifurahi, lakini mpango ule haukudumu. Mboga ya shambani hudumu.

Siku hizi mtoto hunywa soda na kushinda ameketi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba wenye miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili dakika 60 kila siku. Kwa hiyo, wazee wetu, tusiuze viwanja vya michezo, wala tusiidharau sukumawiki na kunde mezani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.