Poul Henningsen

Poul Henningsen (9 Septemba 1894 – 31 Januari 1967) alikuwa msanifu majengo, mbunifu wa taa na mwandishi wa Denmark. Kwao hufahamika kwa herufi mbili, PH, ambazo ndizo pia jina la taa zake. Alizaliwa Ordrup, karibu na Copenhagen, akiwa mtoto wa mwandishi Agnes Henningsen. Alisomea ufundi na ujenzi kati ya 1911 na 1917. Shahada ya usanifu majengo hakuipata, lakini kazi ya usanifu aliifanya.

Alikua akimulikwa na taa ya mafuta. Umeme ulipoingia majumbani, nuru iliongezeka lakini raha ikapungua: balbu tupu ilichoma macho na kuzipa nyuso za watu vivuli vikali. Henningsen alitumia maisha yake yote kutafuta namna ya kuificha balbu bila kuupoteza mwanga wake.

Alianza kushirikiana na kampuni ya Louis Poulsen mwaka 1924. Mwaka uliofuata taa yake ilipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris, na 1926 ikatoka ile ya kofia tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Uzuri wake umetokana na hesabu. Kila kofia imekunjwa kwa kufuata msokoto wa logariti ambao kitovu chake ni balbu, hivyo miale huigonga kwa pembe ileile kila mahali. Mwanga mwingi hushuka mezani, uliobaki husambaa chumbani kwa upole, na anayeketi chini ya taa haioni balbu.

Aliamini kwamba mwanga mzuri ni haki ya nyumba ya mfanyakazi. Katika jarida lake la Kritisk Revy (1926–1928) aliwakemea wabunifu waliotengeneza mapambo ya matajiri na kuvisahau vitu vya kila siku.

Wakati Ujerumani ilipoikalia Denmark, aliibunia bustani ya starehe ya Tivoli taa zisizoonekana kutoka angani, nayo ikaweza kubaki wazi hadi usiku wa manane licha ya amri ya kuzima taa. Mwaka 1943 alikimbilia Sweden kwa mashua ya makasia, pamoja na msanifu Arne Jacobsen.

Mwaka 1958 alitoa taa mbili mashuhuri. Ya kwanza, iliyoundwa kwa ajili ya mkahawa wa Langelinie, ina vipande 72 vya shaba vilivyopandana kama magamba ya samaki. Ndiyo inayopigwa picha zaidi, ila ya pili, PH 5, ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Upana wake ni sentimita 50. Watengenezaji wa balbu walikuwa wakibadilisha maumbo kila mara, basi akaunda taa inayokubali balbu yoyote, na ndani akaipaka nyekundu na buluu ili kurekebisha rangi ya mwanga. PH 5 bado inatengenezwa, na katika nyumba nyingi za Denmark huning'inizwa chini kabisa, juu ya meza ya chakula.