Kinyungu na Maji ya Jirani

Njombe ni nchi ya mvua na ukungu. Uwanda wa Makambako ni mkavu zaidi. Tangu zamani, mvua ilipokoma, Wabena waliteremka mabondeni kulima vinyungu, bustani za kiangazi zilizowaokoa na njaa. Lakini maji yanayonywesha kinyungu ndiyo yanayongojewa na jirani wa chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto; baada ya ukame wa 2005 na 2006, Serikali ilihimiza vyanzo vya maji vilindwe.

Wachungaji wa Gerari walipogombania visima, Isaka alisogea akachimba kingine. Kwa mkulima asiye na shamba lingine, kusogea ni sadaka. Usharika usimwachie aitoe peke yake.