Uhuru wa Angani na Hesabu za Mashimo Meusi

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera mpya juu ya Mlima Kenya. Miaka saba baadaye, tarehe ileile, Uhuru mwingine ulipaa. Roketi iliondoka kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya Marekani ya kupokea eksirei za angani. Aliyeipa jina la Uhuru ni Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo NASA.

Kilichowaleta Waitaliano na Wamarekani Kenya ni ikweta, mstari unaopita Nanyuki. Hapo dunia huzunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huanza safari na kasi hiyo.

Uhuru iliwezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilibadilika ndani ya muda usiofika sekunde moja, dalili kwamba ni kidogo mno kwa umbo. Wanaastronomia walipopima mwendo wa nyota inayozunguka nacho, uzito wa chanzo hicho ulielekeza kwenye shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki.

Je, mashimo meusi mawili yakigongana, hutokea nini? Milinganyo ya Einstein ya 1915 kuhusu graviti ina jibu, ila kalamu na karatasi hazifiki huko. Watafiti Hahn na Lindquist walijaribu kwa kompyuta mwaka 1964, wakakwama mapema. Katika hesabu kama hizo anga hugawanywa vijisanduku, na kila kimoja hukokotolewa. Vikiwa vikubwa, shimo halionekani sawasawa. Vikiwa vidogo kila mahali, kompyuta huelemewa.

Mwaka 1984 Marsha Berger na Joseph Oliger walieleza njia ya kuiacha programu yenyewe itambue mahali hesabu inapopotoka, na kuongeza vijisanduku vidogo hapo tu. Ramani ya Mlima Kenya inafanana na hilo: mistari ya mwinuko husongamana kuelekea Batian, meta 5,199, na kuachana kwenye uwanda wa Laikipia.

Matthew Choptuik alitumia njia hiyo katika utafiti aliouchapisha mwaka 1993 kuhusu jinsi shimo jeusi linavyoanza kuundika. Mwaka 2005 Frans Pretorius akafuatilia kwa kompyuta mashimo mawili yakizungukana hadi kuungana. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO ilinasa mawimbi ya graviti ya muungano wa aina hiyo, na umbo lake likalingana na hesabu.

Leo programu za hesabu hizi, kama GRChombo, hutolewa bure. Muungano wa mashimo mawili bado unadai kompyuta kubwa, lakini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, anaweza kurudia hesabu ya Choptuik kwenye kompyuta ya mkononi.