Diski ya nne haina video hata moja

Mwaka jana diski yangu ilikufa na sauti ya guka ikaenda nayo. Nilimrekodi saa tatu hapa kwetu Donholm, akisimulia alivyoingia Nairobi. Guka hayupo tena wa kurudia.

Sasa nimeunda seva ya nyumbani: kompyuta kuukuu, diski tatu za data na ya nne ya pariti, ambayo lazima isiwe ndogo kuliko yoyote kati ya hizo tatu. Hii ya nne haina video hata moja. Kazi yake ni hesabu. Kila mahali, kompyuta inaangalia zile tatu na kuhesabu 1 ziko ngapi. Zikiwa witiri, ya nne inaandika 1. Zikiwa shufwa, 0. Tuseme zinasoma 1, 0, 1: pariti ni 0. Ya kati ikifa unabaki na 1, 1 na 0. Jumla lazima iwe shufwa, basi iliyopotea ilikuwa 0. Ni hivyo tu, mara matrilioni.

Na si wazo la juzi. UNIVAC ya 1951 ilikagua kanda zake za sumaku kwa pariti, lakini hapo ilikuwa ya kugundua kosa tu. Mwaka wa 1978 Norman Ken Ouchi wa IBM akapata hataza ya kuitumia kurudisha data. Halafu 1988, Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley wakaandika makala iliyoleta jina RAID. Herufi I ilimaanisha diski za bei nafuu! Walisema diski nyingi ndogo zinaweza kuishinda moja kubwa ya mabwanyenye, shida ni kwamba zikiwa nyingi, kufa ni kila mara. Pariti ndiyo iliyoziba hapo. (Kampuni baadaye zikageuza I iwe “zinazojitegemea”. Unajua kwa nini.)

Sasa njoo Eastlands. Stima zikipotea seva ikiwa inaandika, kama ule usiku wa 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilipozima, data inaweza kubadilika na pariti ibaki ya zamani. Diski ikifa kabla hujakagua, hesabu inakurudishia takataka. Kwa hivyo nilinunua UPS kabla ya diski ya nne.

Na ukifuta faili mwenyewe, pariti inafuata tu, haikuulizi. Nakala nyingine iko kwa anti yangu Umoja.

Za guka zimebaki dakika nne, kipande nilichomtumia mathe kwa WhatsApp. Ndicho nilichoweka kwanza.