Kupakua au kulandanisha?

Wali ukishapakuliwa haumo tena sufuriani, na shehena ikishapakuliwa haimo tena jahazini. Kwa maana hiyo kitenzi kupakua kiliufaa sana POP, utaratibu wa zamani wa kupokea barua pepe: programu ya kwenye kompyuta huchukua barua kutoka seva, tuseme ya chuo, na, isipoagizwa kuziacha, huzifuta kule. Utaratibu mwingine wa barua pepe, IMAP, ambao Mark Crispin aliubuni Stanford mwaka 1986, hauendi hivyo. Barua hubaki kwenye seva na kompyuta huakisi yaliyomo. Ukifuta upande mmoja, wa pili nao hufuata. Kazi hii jina lake ni kulandanisha, na maelekezo ya kuunganisha akaunti ya chuo yangepaswa kusema hivyo.

Atatokea wa kupinga kwamba kupakua kumekwishapanuka: anayepakua wimbo mtandaoni hauondoi huko alikoutoa. Ni kweli, na sina ugomvi na upanuzi huo. Lakini wimbo uliopakuliwa ni nakala inayojitegemea, ilhali barua ya IMAP haijitegemei. Mwanafunzi aliyeambiwa amepakua barua zake ataingia kwenye tovuti ya chuo azifute zote ili apate nafasi, akiamini nakala zake zimo salama kwenye kompyuta yake. Programu ikiunganika tena, nazo zinatoweka. Kulandanisha ni neno refu, tena geni kwa wengi; lakini hata neno akaunti lilikuwa geni.