Joto la Mwili: Nkula, Tangawisi na Mkono wa Mama

Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Kolwezi unauma. Tunakaa juu, karibu metre 1.400 toka bahari, na upepo wa Mashamba hauna huruma. Ndio wakati wamama wanatwanga tangawisi, wanaichanganya na mafuta na sukari ao chumvi laini, na kusugua nayo miguu na mgongo mpaka mwili unapata moto. Vijana wetu wanazani ni jambo la saluni, limetoka Ulaya. Sivyo. Tufuate historia yake.

Mbele ya migodi, Waluba na Walunda walikuwa na nkula, unga mwekundu wa mti wa mukula. Kiini cha mti kilisagwa, kikachanganywa na mafuta, kikapakwa mwilini. Victor Turner, mtaalamu Mwingereza aliyeishi kwa Wandembu, ndugu za Walunda, kule Mwinilunga upande wa Zambia kati ya 1950 na 1954, aliandika kwamba utomvu mwekundu wa mukula kwao ni alama ya damu. Tena Nkula ni jina la ibada ya kutunza wanawake wenye taabu ya damu na uzazi. Lakini tuseme wazi: nkula haina ukali wa pilipili. Joto lilitoka kwa mkono unaosugua. Rangi ndiyo iliyosema: damu iko, uzima uko.

Ukali wenyewe ulitoka mbali. Tangawisi ni mmea wa Asia. Pilipili ilitoka Amerika, ikafika Afrika na Wareno nyuma ya mwaka 1500. Kule Zanzibar, wanawake wanamsugua bibi arusi na singo, mchanganyiko wa karafuu, liwa na maua. Na karafuu ilianza kupandwa kule katika karne ya 19 tu. Kati ya pwani ile na sisi kulikuwa njia ya biashara. Msiri, mtu wa Unyamwezi, alijenga Bunkeya na kuuza shaba na pembe za tembo mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Kwa njia ile Kiswahili kilianza kuingia kwetu. Kisha Union Minière, iliyoundwa 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kukalisha wafanyakazi pamoja na wake zao ndani ya makambi. Mwanamke wa Kasai, wa Kiluba na wa Kilunda wakawa majirani, na kila mmoja alikuja na ujuzi wa nyumbani kwao.

Kwa nini ngozi inasikia moto? David Julius na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba ukali wa pilipili unagusa mlango ule ule wa mishipa ya fahamu unaotambua joto kali. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tangawisi nayo inagusa mlango ule, kwa upole zaidi. Basi ngozi haiungui, inaambiwa tu kwamba kuko moto. Ila kuambiwa sana kunaumiza. Pilipili isiwekwe kwa mtoto, wala kwa muzazi mwenye kidonda, wala karibu na macho. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono. Ikizidi, pangusa na mafuta kisha osha na sabuni, kwa sababu maji matupu hayaiondoi.

Sasa neno lenye uzito. Katika vitu hivi vyote, nkula ndiyo yetu kabisa, na ndiyo tunayopoteza. Tangawisi inapatikana kila soko. Lakini nyuma ya 2010, magogo ya mukula yalikatwa kwa wingi katika misitu ya Katanga na Zambia, yakapelekwa China kutengenezwa meza na viti. Mwaka 2019 nchi za mkataba wa CITES ziliamua kwamba mti huo, Pterocarpus tinctorius, usiuzwe ngambo bila kibali. Karatasi hiyo inasaidia, lakini haipandi mti.

Shaba ya Mashamba ikichimbwa hairudi. Mukula unaweza kurudi, kama tunauachia shina na kulinda msitu na moto. Na bibi ambaye anajua bado kusaga nkula, tumuulize leo, angali hai.