Milioni 5.4 za Kongo: historia ya tarakimu moja

Wadodosaji walipiga hodi, wakakaribishwa, na baada ya salamu wakauliza: tangu mwaka jana uanze, nani amefariki katika nyumba hii? Ilikuwa nusu ya kwanza ya mwaka 2000, huko Katana na Kalonge katika Kivu Kusini, Moba kando ya Ziwa Tanganyika, na Kisangani.

Hawakuwa na daftari lolote la marehemu la kulinganishia. Vita vilivyolipuka tarehe 2 Agosti 1998 vilikuwa vimeikata nchi vipande. Mkono wa Kinshasa haukufika mashariki, na aliyekimbilia msituni akafia huko alizikwa na wenzake bila cheti wala karani. Hata idadi ya walio hai ilikuwa ya kukisia, maana sensa ya mwisho ilikuwa ya 1984, enzi za Mobutu. Kazi ya kuhesabu ikaangukia shirika la misaada la IRC, la Marekani, likiongozwa na mtaalamu wa epidemiolojia Les Roberts. Njia yake haina miujiza. Mpishi habonyezi wali wote kujua kama umeiva. Hubonyeza punje chache. Kaya zilizochaguliwa kwa nasibu zinaisemea wilaya nzima.

Matokeo yalitangazwa Juni 2000: katika muda wa miezi 22, watu milioni 1.7 wamekufa mashariki mwa Kongo ambao, lau si vita, wangekuwa hai. Waliouawa moja kwa moja kwa silaha walikadiriwa kuwa 200,000. Waliobaki waliondoka kwa malaria, kuhara na utapiamlo, kwa sababu zahanati iliporwa, dawa hazikupita njiani, na shamba liliachwa likaota magugu. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa ugunduzi wenyewe, kwamba vita vile viliua zaidi kwa homa kuliko kwa risasi. Lakini vichwa vya habari vilichukua tarakimu, vikaacha maelezo.

Tarakimu ikapanda. Mwaka 2001 ilikuwa milioni 2.5, mwaka 2003 milioni 3.3, kisha ikakaribia milioni nne katika utafiti wa 2004 uliochapishwa na jarida la Lancet Januari 2006. Mwishoni mwa 2004 IRC ilitoa pia mlinganisho wa kuwatia haya wafadhili: Iraki ilikuwa ikipata msaada wa takribani dola 138 kwa kila mtu, Kongo dola 3. Januari 2008 ikatoka ile inayonukuliwa hadi leo, milioni 5.4, ikihesabiwa tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Ripoti hiyohiyo ilisema kwamba karibu nusu ya waliofariki walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na kwamba katika kipindi cha mwisho kilichochunguzwa ukatili ulisababisha vifo pungufu ya asilimia moja.

Sasa tuingie jikoni. Neno zito katika hesabu hii ni “ziada”. Ili kupata vifo vya ziada, unachukua vifo vilivyotokea na kutoa vile ambavyo vingetokea hata kama nchi ingekuwa na amani. Hivi vya pili hakuna mdodosaji anayeweza kuviuliza mlangoni, kwa hiyo vinachaguliwa mezani. IRC ilichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, takriban vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, walipinga. Kongo, walisema, haikuwa nchi ya wastani hata kabla ya vita. Mobutu aliiacha hoi, hospitali zikiwa magofu. Wakaweka 2.0.

Nusu kifo kwa watu elfu kwa mwezi inaonekana kama si kitu. Izidishe kwa watu milioni 60 utapata vifo 30,000 kila mwezi, na kwa miaka sita vinapita milioni mbili. Ndivyo watafiti hao walivyoyashusha makadirio ya Mei 2001 hadi Aprili 2007 kutoka milioni 2.8 hadi takriban 860,000. Tafiti mbili za mwanzo walizikataa kabisa, kwa hoja kwamba maeneo yake hayakuchaguliwa kwa namna ya kuiwakilisha mashariki nzima. Punje zilibonyezwa upande mmoja wa sufuria. Kabla yao, wanademografia wawili wa Ubelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, walikuwa wamefikia kama 200,000 tu.

Ubishi huu haukuwa wa wasomi peke yao. Mtoto aliyekufa kwa surua akihesabiwa kuwa wa vita, kifo chake kinaingia kwenye ombi la dharura, lenye fedha za haraka na muda mfupi. Akihesabiwa kuwa wa umaskini, anahamia kwenye bajeti ya maendeleo, ambako mipango huchukua miaka na kamera hazifiki. Chanjo iliyokosekana ni ileile. Wakosoaji wa 2010 hawakusema watoto hao hawakufa. Walibishania tu waandikwe kwenye jedwali gani, na mimi nadhani walikuwa na hoja nzuri juu ya jedwali.

Tangu 2023 dola ya Kongo huwakumbuka rasmi wahanga kila tarehe 2 Agosti. Katika hotuba na mitandaoni siku hizi utasikia milioni sita, hata milioni kumi, na kitenzi kinachofuata mara nyingi ni “waliuawa”. Neno “ziada” halipo tena, wala malaria.